Mrejesho: Moshi wa mabua hapa Ruai

Niliomba ushauri kabla ya mvua za masika, majirani wakichoma mabua ya mahindi kutayarisha mashamba huku binti yangu wa sekondari, mwenye pumu, akikohoa usiku kucha. Asanteni kwa majibu.

Barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, ilisaidia, mradi ikae usoni bila mwanya. Aliyependekeza kitambaa chenye maji, pole ndugu: chembe za moshi ziitwazo PM2.5 hazizidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na hupenya kitambaa kama wageni wasioalikwa harusini.

Daktari alisisitiza jambo lililotajwa hapa na mtu mmoja tu: inhela ya kuzuia hutumiwa kila siku hata asipokohoa, ile ya bluu ni ya kutuliza kifua kikibana. Pia tumebadilisha saa za kufungua madirisha. Alfajiri na jioni hewa baridi hutulia chini na moshi haupandi, kwa hivyo tunafungua mchana, jua likiwaka.

Jirani ndiye aliyenishangaza. Mimi nilitaka kumpeleka kwa chifu, lakini mama mkwe alinitangulia, akanywa chai kwake, akauliza kama mabua yanauzwa. Sasa yanakatwakatwa na kulishwa ng'ombe wa mfugaji aliye karibu. Yanayobaki hutandazwa shambani kuhifadhi unyevu.

Shamba moja bado linachomwa. Mwenyewe haishi huku, na kibarua wake anasema anafuata amri tu. Aliyewahi kumfikia tajiri wa namna hiyo anieleze alivyofanya.