Mrejesho: krispi za muhogo kuchacha ndani ya pakiti

Waungwana, ahsanteni. Niliuliza kwa nini krispi zetu hapa Malindi, zikiwa kwenye juala jepesi la polithini, zanuka mafuta ya kale baada ya wiki 2. Mlionena kwamba polithini huzuia unyevu kiasi lakini oksijeni huipita, mlisema kweli.

Nimehamia pakiti za tabaka mbili: nje poliesta iliyopakwa alumini, ndani polithini ya kuzibia. Wiki ya 6 sasa, bado zavunjika kwa mlio na harufu haipo.

Kuziba ndiko kulikosumbua. Kwenye mashine ya mkono ya kuzibia kwa joto, kipimo namba 3 hakikutosha. Kilichofaa ni namba 5, kisha kushikilia sekunde 3 baada ya taa kuzima ili mshono upoe. Ukifungua mapema, wavutika.

Za pilipili bado zinanishinda. Unga wa pilipili hukaa mdomoni mwa pakiti na mshono haushiki: nilizamisha pakiti 20 majini nikazibinya, 3 zikatoa mapovu. Faneli ya karatasi imesaidia, haijamaliza.

Aliyeshauri pakiti yenye dirisha, samahani, sikuifuata. Wateja wangeipenda, ila mwanga nao huchachusha mafuta.