Mbwa wangu, Boerboel, anamkingia mtoto wageni, nifurahi au niogope?

Baba Binti: Wakuu habari zenu. Nina Boerboel dume, miezi nane, juzi kwenye mizani ya vet kafika kilo 47 na ukiangalia zile nyayo unajua safari bado. Tulimchukua ana wiki nane, binti yangu wa miaka minne ndo rafiki yake, mchana wanalala kichwa juu ya tumbo. Sasa mwezi huu kaanza mambo, mgeni akiingia habweki wala hangurumi, anaenda tu kusimama katikati ya mgeni na mtoto, kajiweka ubavu, kaganda pale kama kabati. Jana shemeji alitaka kumbeba mtoto ikabidi arudi kukaa. Mi nikacheka nikasema mlinzi huyo! Wife hakucheka, anataka mbwa aondoke. Waliofuga haya madude na watoto ndani naombeni ushauri.

Udenda Kila Ukuta: Mkuu hapo ulipocheka ndo ulipoharibu, mbwa kaona bosi kafurahi basi kajua kazi kapata. Hawa wa Afrika Kusini walikuwa wanalinda mashamba, kuamua wenyewe nani adui kuko kwenye damu, sa we inabidi umpokonye hiyo kazi ya kuamua mapema, kabla hajafika kilo 70 na kitu maana hapo kamba utaishika wewe ila atakayeamua mnaenda wapi ni yeye. Hodi ikipigwa, mvishe mkanda, aende kwenye tandiko lake alale, mgeni akae asimtazame wala kumsemesha, ukiona mwili umelegea na mdomo umefunguka ndo unamwachia. Kila mgeni, hata mama mkwe. Na siku akinguruma usimchape, ule mngurumo ni hodi yake, ukimfuta hodi siku nyingine ataingia bila kubisha.

Mama Wanne: Mi niko na wife. Wangu ni Bullmastiff, pole mpaka anaboa, hajawahi kung'ata mtu ila mwanangu hana jino moja la mbele. Mbwa aligeuka tu kumwangalia nzi, nyonga ikamkumba mtoto akaenda na kona ya meza, ndo basi. Halafu kitu watu wanasahau ni watoto wa wenzio, wakianza kuvutana na kupiga makelele mbwa haoni mchezo, anaona wa kwake anapigwa. Kwangu kuna kigeti cha mbao mlango wa sebuleni, wakija watoto mbwa yuko upande wa pili, hata kama naenda kuzima jiko tu.

Mzee wa Kamba: Mhasi huyo atatulia, kwisha habari.

Udenda Kila Ukuta: @Mzee wa Kamba hapana aisee, kuhasi hakuondoi ulinzi. Na majitu haya ukiyahasi mapema, kabla mifupa haijamaliza kukua, viungo vinaweza kuja kusumbua, mwache aongee na vet wake kwanza. Ila Baba Binti kwa kuwa upo hapa, usimrundikie kalsiamu ya ziada eti mifupa iwe migumu, kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa inaharibu. Na siku ukiona anajikakamua kutapika hakitoki kitu, tumbo limevimba kama ngoma, hapo tumbo limejaa gesi na linaweza kuwa limejipinda, mbio kwa vet saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, ukisema nitaona asubuhi asubuhi humkuti.

Baba Binti: Asanteni wakuu, Mama Wanne umenitisha lakini fresh, kigeti fundi anakuja kupima kesho. Shemeji kaja tena leo, mbwa kwenye mkanda, dakika 20 nzima alikuwa anamkodolea macho mpaka mwisho akashusha pumzi moja ndefu kichwa kikaenda chini, udenda umeacha dimbwi. Wife kaangalia yote kimya halafu kasema anampa mwezi mmoja. Sijauliza kama ni mbwa au mimi.