Mtu asiyejua na anaamini anajua: dawa ya Tusi ni hesabu kweli?

MtotoWaOli (Arua):
Wandugu habari za leo. Mdogo wangu alimaliza chuo Kampala akarudi nyumbani, na tangu arudi hakuna mtu anaongea akamaliza. Mzee wetu akisema neno la shamba anakatwa, sheikh akisema mwezi umeandama yeye anafungua simu anaanza kubishana palepale mbele ya watu, na sio kwamba amesoma hayo mambo, alisomea biashara. Sasa nikakutana na habari za Nasir al-Din al-Tusi, yule Mwajemi wa karne ya 13 aliyekuwa bingwa wa elimu ya nyota, kumbe ana kitabu cha maadili pia, Akhlaq-i Nasiri, na humo anasema nafsi inaugua vile mwili unaugua, alafu ugonjwa mbaya sana ni wa mtu asiyejua na anaamini anajua. Dawa eti asome hesabu na jometri! Hapo ndo nimekwama. Walimu wa hesabu niliowajua mimi ndo wenye majivuno kupita wote. Mnasemaje?

MwalimuMbale:
Ssebo, mi nafundisha hesabu sekondari na swali lako limenigusa. Tusi hasemi hesabu itampa mtu tabia nzuri, anasema itamwonjesha uhakika. Mdogo wako bado hajathibitisha kitu kwa mkono wake mpaka mwisho, kwake kila jambo ni maoni na yanayoshinda ni ya mwenye sauti. Mpe aonyeshe kwa nini pembe za ndani za pembetatu jumla yake ni nyuzi 180. Hapo kupaza sauti hakumsaidii, ama hatua inafuata ama haifuati. Akishajua uhakika unavyokuwa, akirudi kwa yale anayobishania ataona mwenyewe hayajafika hapo, na akishasema "hili silijui" ndo anaanza kufundishika. Na Tusi hakuokota hayo njiani, kitabu cha Euclid, yule Mgiriki wa kale wa jometri, alikiandika upya mwenyewe akakimaliza 1248.

NyotaJinja:
Mi nakubali nusu. Tusi alikuwa kwenye ngome za Waismaili, lile dhehebu la Kishia, miaka mingi, na hicho kitabu cha maadili alikiandika karibu 1235 akiwa kwa gavana wao, kina jina la huyo gavana ata. Hulagu, mtawala wa Wamongolia, alipoteka Alamut, ngome kuu ya hao Waismaili, 1256 Tusi akahamia kwake akawa mshauri, na 1258 Baghdad ilipoangamizwa alikuwa upande wa Wamongolia. Watu wanamlaumu mpaka leo. Kwa hiyo nauliza kwa moyo wote, hesabu ilimfaa nini nafsi yake?

MzeeWaPakwach:
Binti yangu, swali lako ni zito na mi silifuti. Ila tazama pia alichofanya akiwa pale. 1259 alianza kujenga kituo cha kuangalia nyota Maragha, huko Iran, akakusanya watu wa kila upande, al-Urdi wa Damascus, Muhyi al-Din al-Maghribi, ata Mchina alikuwepo. Na kuna jambo linalosimuliwa ambalo mi nalipenda sana: aliomba miaka 30 ya kutazama, sababu sayari ya Zohali inachukua karibu miaka 30 kulizunguka jua mara moja. Hulagu akasema 12. Sasa mtu amezaliwa 1201, yuko na miaka karibu 60, anaomba 30! Huyo anajua kazi itamaliziwa na wengine. Na kwenye kitabu hichohicho akifika kwa majivuno anasema fadhila, yaani sifa njema, zimegawanywa kati ya watu, hakuna anayekamilika bila fadhila za wenzake. Sisi tuliona jua likipatwa hapa kwetu tarehe 3 Novemba 2013, wataalamu walikuwa wametaja wakati kabla, na ile elimu imepita mikono mingi mno mpaka ifike pale, ya Maragha ikiwemo. Kijana akielewa hilo sheikh hamkati tena kwa dharau, anaweza kumuuliza mwezi wameuona wapi na nani ameuona, kwa adabu.

MtotoWaOli (Arua):
Asante sana mzee, hiyo ya fadhila kugawanywa nitamsomea. Mwalimu, nianzie wapi sasa, maana nikimwambia ni dawa atakasirika.

MwalimuMbale:
Usimwambie dawa, na usikae kama mwalimu wake. Chukua karatasi, chora pembetatu, pale kwenye ncha ya juu piga mstari sambamba na msingi, alafu mwombe akusaidie kuonyesha pembe zipi zinalingana na kwa nini. Akisema "si inajulikana tu", mwambie wewe bado hujaona, akuonyeshe. Akikwama mwache akae na hiyo karatasi ata wiki nzima, usimpe jibu. Na mzee wenu awepo karibu, nae aulizwe, maana wazee waliojenga nyumba kwa kamba na vigingi wanajua pembe kuliko tunavyofikiri.