Mrejesho: nyuzi bapa zilizokuwa ngumu kwenye gitaa la besi la inchi 34 (urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja)

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini nyuzi bapa (zilizozungushiwa waya bapa) za 45–105, yaani unene kwa elfu za inchi, zilikuwa ngumu kuliko zile zilizozungushiwa waya wa mviringo za unene uleule. Maelezo yaliyonifungua macho ni haya: mkazo hutokana na uzito wa uzi, urefu wake na sauti unayotuni. Waya bapa hauachi nafasi kati ya mizunguko, hivyo uzi unabeba chuma kingi zaidi. Kiini (waya wa ndani ya uzi), cha pembe sita au cha duara, kinaamua zaidi uzi unavyopinda chini ya kidole.

Kushusha nusu toni kulipunguza mkazo kama asilimia 11, ila uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, ukaanza kugonga freti (vyuma vya kwenye shingo). Nikaachana nako.

Kilichofaa ni nyuzi bapa za 43–100 zenye kiini cha duara. Mkono haukazi tena, na uzi wa A umekuwa laini mno, napenda sana! Angalizo la mdau mmoja lizingatiwe: uzi wa kiini cha duara, ukunje kwa pembe mraba kwenye kitunio (kigingi cha kukazia uzi) ndipo ukate. Ukikata kwanza, waya wa nje unafyatuka na sauti inakufa.

Mkazo ulipopungua shingo ilinyooka kupita kiasi, freti za mwanzo zikakwaruza. Nililegeza chuma cha shingo (fimbo ya ndani inayorekebisha mpindo wake) robo mzunguko, nikaacha usiku kucha. Nafasi kati ya uzi na freti ya 7 sasa ni milimita 0.3.

Bado uzi wa G ukipigwa wazi unatoa mlio wa kukwaruza, kwa sababu mfereji wake kwenye nati (kipande kinachoshika nyuzi mwanzoni mwa shingo) ni mpana kuliko uzi mpya. Hapo ni kujaza mfereji na kuuchonga upya, au kubadili nati.