Mjadala: Watoto wa Nairobi wafunzwe miguu kabla ya raketi?

Mwanzisha mada
Msimamo wangu ni huu: katika mpira wa vinyoya (badminton) tunawafunza watoto kupiga kabla hawajajua kufika. Ingia ukumbini Jumamosi asubuhi. Foleni ndefu, kocha anamrushia mtoto kinyoya palepale aliposimama, mtoto anapiga smashi, lile pigo kali la kushusha, anarudi nyuma ya foleni. Siku ya mashindano mpinzani anakiweka kona, na bingwa wa foleni anakimbia kama anayefukuza matatu barabara ya Tom Mboya.

Nusu yako ya uwanja, mkicheza mmoja kwa mmoja, ni mita 6.7 kwa 5.18. Hatua tatu hivi kutoka katikati zinamfikisha mtu mzima karibu kona yoyote. Shida si kasi, ni kuanza: kale karuko kadogo, magoti yakiwa yamelegea, kanakotua wakati mpinzani anapiga. Asiyekafanya anajing'oa kutoka kusimama wima kila mara. Halafu kuna kurudi katikati, jambo ambalo foleni haifundishi kabisa.

Kwa hiyo shuleni, nusu saa ya kwanza ya kila kipindi iwe ya miguu tu, bila kinyoya. Ukumbi hauhitajiki. Chaki na simiti zinatosha.

Mzazi, South C
Simiti? Hapo tunaachana, ndugu yangu. Ile hatua ndefu ya kwenda wavuni, uzito wote unashukia mguu mmoja, kisigino kwanza. Kuna sababu kumbi zikawekwa mbao na mikeka. Mtoto wa miaka kumi, raba za shule zilizoisha soli, nusu saa kila kipindi? Magoti ni ya nani?

Mwalimu wa michezo, Kayole
Mzazi, nakuunga mkono nusu. Sisi tuko kwenye nyasi, na raketi ni chache kuliko watoto, kwa hiyo miguu ndiyo inayowapa kazi wanaosubiri. Mmoja anaonyesha kona kwa mkono, mwenzake anakwenda na kurudi. Wanacheka sana. Lakini nusu saa nzima bila kinyoya? Nitabaki peke yangu, wote watakuwa kwenye kandanda. Dakika kumi.

Kinyoya cha kawaida hakizidi gramu 5.5, upepo wa Kayole unakipeleka kwa jirani. Shirikisho la dunia lilizindua AirBadminton mwaka 2019, mchezo wa nje, na kinyoya chake kinahimili upepo kiasi. Shida ni kwamba kuna mita mbili kila upande wa wavu ambapo kinyoya kikianguka kinahesabiwa kimetoka. Hakuna wa kudondosha mpira mfupi hapo, kwa hiyo mtoto wa nje hajifunzi kona za mbele, na ndiko mzigo ulipo.

Mchezaji, Parklands
Mnazunguka suala la kumbi. Huku kwetu zipo, lakini ni za wanachama. Kaunti itenge saa kwenye kumbi za viwanja vya Kasarani na Nyayo.

Mwanzisha mada
Kasarani na Nyayo si za kaunti, ni za serikali ya kitaifa, na voliboli na ndondi nao wanazililia. Za kaunti ni kumbi za kijamii, kama ule wa Kaloleni. Paa likiwa chini, mpira wa juu hauchezeki; miguu inachezeka. Zitumike asubuhi za likizo. Na mwalimu, nusu saa siiachi. Dakika kumi ni kupasha mwili moto.

Mzazi, South C
Na sakafu ya hizo kumbi ni nini, kama si simiti iliyopigwa rangi?

Mwalimu wa michezo, Kayole
Simiti ya ndani ni simiti. Wangu hufanya karuko na kurudi katikati. Ile hatua ndefu ya wavuni haifanywi mpaka kuwe na mkeka. Sasa niambieni mkeka unanunuliwa kwa fungu gani, maana pesa za michezo shuleni kwetu zinaishia kwenye mipira na nauli.