"The moon" kwa herufi ndogo: je, ni kosa la kumkata mtoto alama?

Wadau, naleta hili kwa sababu limeniuma. Jana jioni hapa Ngamiani, Tanga, mpwa wangu wa darasa la sita alinionyesha daftari lake la Kiingereza. Babu yake ni mvuvi, kwa hiyo mtoto aliandika habari za maji ya bamvua: "The sea is high when the moon is full." Kalamu nyekundu imeizungushia ile m, pembeni pameandikwa "M kubwa!", na alama moja imekwenda. Akaniuliza, "Mjomba, mbona kamusi imeandika ndogo?"

Nasema mtoto hajakosea. Majina ya sayari kama Mars, Venus na Jupiter hayana ubishi, ni herufi kubwa siku zote. Ubishi uko kwenye sun, moon na earth. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ulioanzishwa mwaka 1919, unataka maneno hayo yaanze kwa herufi kubwa yakiwa majina ya jua letu, mwezi wetu na dunia yetu. Wana sababu: mwaka 1610 Galileo aliona miezi minne ikiizunguka Jupiter, na sasa "moon" yaweza kuwa mwezi wowote. Mwanaastronomia anahitaji M kubwa ili kuutenga wa kwetu.

Lakini magazeti na vitabu vingi vya Kiingereza huandika sun na moon kwa herufi ndogo. Earth huipa E kubwa ikitajwa pamoja na sayari nyingine, hasa ikikosa "the" mbele yake. Ikiwa na maana ya udongo wa shambani, ni ndogo tu, haina mjadala.

Mchangiaji, Bagamoyo: Kaka, mtihani hauna huruma. Ukimwambia mtoto wa darasa la sita kuna kanuni mbili, utamchanganya. Mfundishe M kubwa kila mahali, yaishe.

Mleta mada: Dada yangu, hofu yako naielewa, nami nina mtoto wa kufanya mtihani. Ila hiyo "kila mahali" ndiyo itakayomponza. Siku akiandika "Jupiter has many Moons" atakuwa amekosea kwelikweli, na hapo nitamkata hata mimi. Tukumbuke pia kwamba wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, na mwezi ukaeleweka. Herufi kubwa ni mapatano ya waandishi, na kwa neno hili wenyewe hawajapatana.

Mimi ningemwandikia pembeni: "Umeanza na ndogo, endelea na ndogo hadi mwisho." Ningemkata pale tu anapochanganya, mstari huu Moon, mstari wa pili moon.

Kesho asubuhi nakwenda shuleni na kamusi mkononi, nizungumze na mwalimu kwa adabu. Ninyi mnaosahihisha madaftari Muheza na Pangani, hapo mnakata au mnaacha?