Gemu za zamani za Windows kwenye Linux: DXVK, WineD3D au dgVoodoo2? Naomba ushauri

kitasa_cha_juu
Wakuu habari za muda. Nimehamia Linux jumla, Windows nimeshaifuta na sirudi, ila kuna gemu tatu siwezi kuachana nazo: Age of Empires II ile ya 1999, GTA Vice City na GTA San Andreas. Laptopu ni Core i5 kizazi cha 4, grafiksi ni zile za Intel za humohumo ndani, hakuna kadi ya pembeni. Nimeweka Wine (ile inayoendesha programu za Windows kwenye Linux) na DXVK, mkalimani wa grafiksi za gemu, toleo jipya kabisa. San Andreas inazima palepale, Vice City vilevile, Age of Empires inafunguka lakini rangi zimevurugika nyasi zinakuwa zambarau na mausi inagandaganda. Huku naambiwa weka DXVK, kule naambiwa toa weka dgVoodoo2, mwingine anasema WineD3D inatosha. Nishike lipi? Na lazima zote tatu zitumie kitu kimoja?

Mwana_Mesa
Si lazima, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kabla ya kuchagua mkalimani jua kwanza gemu inaongea lugha gani ya grafiksi za Windows. Age of Empires II inaongea DirectDraw, Vice City ni Direct3D 8, San Andreas ni Direct3D 9. DXVK inachukua Direct3D 8 hadi 11 inazipeleka Vulkan, lugha ya grafiksi inayotumika Linux, ila ya 9 iliingia rasmi toleo 1.5 mwishoni mwa 2019 na ya 8 iliingia toleo 2.4 mwaka 2024. DirectDraw haigusi kabisa. Kwa hiyo Age of Empires yako tangu mwanzo inaendeshwa na Wine yenyewe, ukibadilisha DXVK mara mia zile nyasi zitabaki hivyohivyo.

WineD3D ndiyo iliyomo ndani ya Wine, hiyo kwa kawaida inapeleka kila kitu OpenGL, lugha nyingine ya grafiksi ya zamani kuliko Vulkan.

nuru_ya_taminali
Mkuu tatizo la hizo GTA mbili nadhani ni chipu. Kizazi cha 4 ndiyo Haswell, draiva yake ya Vulkan kwenye Linux haifiki 1.3, na DXVK kuanzia 2.0 bila Vulkan 1.3 haikubali. Fungua taminali andika `vulkaninfo --summary` usome mstari wa apiVersion. Halafu angalia folda ya San Andreas, DXVK huwa inaacha faili la logi linaloishia na `_d3d9.log`, lisome usikisie, ukikuta inalalamika kuwa haijapata adapta (yaani chipu ya grafiksi inayofaa) basi ndiyo hilo.

Dawa ya San Andreas ni DXVK 1.10.3, ndiyo ya mwisho kabla hawajapandisha masharti. Chukua `d3d9.dll` kutoka folda ya x32 (x32 nasisitiza, hizi gemu ni za biti 32 hata kama mfumo wako ni wa 64) weka pembeni ya exe ya gemu, kisha iwashe na `WINEDLLOVERRIDES="d3d9=n,b"`.

BabuPikseli
Mimi ningesema dgVoodoo2 umalize kazi. Inabeba Glide (lugha ya kadi za zamani za 3dfx), DirectDraw na Direct3D zote za zamani, unakuza skrini unavyotaka, picha inatoka safi sana.

nuru_ya_taminali
Babu kwa heshima, dgVoodoo2 naikubali sana ila si kwa mashine hii. Yenyewe inatoa Direct3D 11 au 12, ambayo kwenye Linux inabidi itafsiriwe tena iende Vulkan au OpenGL. Tafsiri juu ya tafsiri kwenye chipu ya Haswell, mtu ataishia kulaumu gemu bure. Mwenye kadi nzuri sawa.

BabuPikseli
Hapo kwenye chipu nimekuelewa, kweli ni mzigo.

Mwana_Mesa
Naongezea, hakikisha draiva za Vulkan za biti 32 zipo. Kwenye Debian na Ubuntu ni pakiti `mesa-vulkan-drivers:i386`, bila hiyo vulkaninfo itakuonyesha kila kitu kiko sawa na gemu bado haifunguki, inachanganya watu kweli. Na kila gemu ipe WINEPREFIX yake, yaani folda yake ya Wine yenye mipangilio yake. Ukichanganya zote chungu kimoja, siku ukirekebisha moja unaharibu mbili.

kitasa_cha_juu
Asanteni sana wakuu. apiVersion inasoma 1.2 kweli. Nimeweka 1.10.3 pamoja na draiva za i386 na San Andreas imefunguka, nikiwasha na `DXVK_HUD=devinfo,fps` naona jina la Intel pale kona ya juu. Lakini nikizima ile frem limita ya kwenye menyu gari linateleza ajabu na kuogelea kumekuwa kuzito. Vice City bado, na nyasi bado zambarau.

Mwana_Mesa
Hiyo ni gemu yenyewe, fizikia ya San Andreas imefungwa kwenye idadi ya fremu na ilitengenezwa kwa fremu chache. Andika faili `dxvk.conf` pembeni ya exe uweke `d3d9.maxFrameRate = 30`. Vice City ipe prefix mpya isiyo na DXVK kabisa, WineD3D iibebe, OpenGL ya Haswell iko vizuri kuliko Vulkan yake na gemu ya 2003 haiiumizi.

nuru_ya_taminali
Nyasi tafuta cnc-ddraw, imetengenezwa kwa ajili ya gemu hizi za DirectDraw. Unaweka `ddraw.dll` yake kwenye folda ya gemu, unaingia winecfg sehemu ya Libraries unaongeza ddraw iwe native (faili uliloweka) kisha builtin (la Wine), usiruke hii maana Wine itaendelea kutumia ya kwake na utadhani haijafanya kazi. Kwenye `ddraw.ini` weka `renderer=opengl`.

kitasa_cha_juu
Nyasi kijani!! Na mausi imelainika. Vice City nayo inacheza na WineD3D, inakwama kidogo mvua ikianza tu. Hapo kuna cha kufanya?

nuru_ya_taminali
Shusha rezolusheni hatua moja na uzime trails (ule ukungu wa picha) kwenye menyu ya display, hiyo ndiyo inayoichosha zaidi. Ikibaki vilevile weka logi hapa tuitazame.